Dole Gumba la Mzee Athanasi

Ukitaka kumkosesha Felisita Mabula hamu ya chakula cha mchana, mwambie neno moja tu: bonyeza. Miaka sita sasa anakaa nyuma ya meza ya steshenari moja mjini Bariadi, na haijapita siku neno hilo lisimfuate. Anakuja baba mwenye picha ya pasipoti aliyopigwa akiwa na fulana ya mpira, anataka avishwe suti. "Bonyeza tu hapo, mayu," humwambia kwa heshima ya Kisukuma, "itavaa yenyewe." Wanakuja ndugu wa marehemu, wanataka bango la msiba, na picha waliyo nayo imekatwa kwenye picha ya harusi, bega la bibi harusi bado limemganda marehemu shavuni. "Bonyeza, huyo atoke." Felisita huchukua kalamu yake ya kuchorea kwenye kioo, akaliondoa bega, kisha akaanza kumchorea marehemu upande wote uliokuwa umefichwa: shavu, sikio, ukosi wa shati, kivuli chini ya kidevu. Kazi ya saa nzima, mgongo unauma. Mwisho wanamshukuru na kumwambia kwamba mashine yenu ni nzuri.

Mashine yenu! Ni kama mtu ale ugali ashibe, kisha aishukuru sufuria.

Felisita si mtu wa kelele. Lakini hasira zake ziko karibu na pua, na wanaomfahamu hujua zimefika pale anapoanza kupanga karatasi ambazo tayari zimepangwa. Meza ile haina karatasi iliyokaa upande hata siku moja.

Alizaliwa Nkoma, wilaya ya Itilima, nyumba ya wakulima wa pamba wenye maksai wanne na mbuzi wasiohesabika vizuri. Utotoni alichora kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko. Mama yake, Monika, alimchapa mara mbili, mara ya tatu akamwachia ukuta mmoja na kumkataza asivuke kona. Alipofika umri wa miaka kumi na saba alikuja Bariadi kujifunza kazi kwa Mzee Athanasi, na kama ulipita mji huu kabla mabango ya plastiki hayajaingia, basi umeuona mkono wa mzee huyo hata kama jina lake hulijui. Ng'ombe wa buchani alikuwa wake. Kichwa kilichonyolewa panki pale kwa kinyozi kilikuwa chake. Hata kule Nkoma, maandishi mekundu kwenye ghala la pamba aliandika yeye, na watu walitembea kutoka vitongojini kumtazama akining'inia kwenye ngazi.

Kwake Felisita alijifunza kwamba brashi huvutwa, haisukumwi. Alijifunza kwamba kivuli juu ya ngozi nyeusi si cheusi. Ukitazama vizuri kina bluu ndani yake, au wekundu wa zambarau zilizoiva. Na alijifunza kuogopa dole gumba.

Maana Mzee Athanasi hakuikubali kazi ya mtu bila kuibatiza. Rangi ikishakauka, alilamba dole gumba la mkono wa kulia, akalisugua kwenye pembe ya picha, kisha akaligeuza na kulitazama kwenye mwanga. Likitoka safi, picha imebatizwa, kaitundike. Likitoka na rangi, umezidisha thina ya kuyeyushia rangi, mvua ya kwanza itamwacha ng'ombe wa watu bila pembe, rudia. Hapakuwa na rufaa. Wanafunzi walimcheka kisirisiri, lakini kila mmoja aliondoka kwake na tabia ya kulamba kidole.

Felisita alikaa miaka minane kabla thina haijamkamata kifua. Ilianza kwa kikohozi, ikaja pumzi fupi, ikafika mahali akifungua kopo la rangi tu anatafuta dirisha. Daktari alimwambia wazi achague kati ya rangi na pumzi. Alipopeleka habari hizo kwa mwalimu wake, Mzee Athanasi alimjibu mbele ya wenzake kwamba kifua cha mchoraji hakiumwi na rangi, kinaumwa na uvivu. Aliyasema kwa utani, labda. Felisita aliyabeba yale maneno hadi nyumbani na hajayatua mpaka leo.

Kaka yake Paschal, dereva wa malori kule Mwanza, ndiye aliyemletea kishikwambi. Kilikuwa kimetumika, pembe moja imepasuka, lakini kilikuwa na kalamu yake. Watu wa Bariadi walivijua vishikwambi tangu makarani wa sensa walipopita navyo mlango kwa mlango, kwa hiyo kila alipokitoa hadharani aliulizwa kama wanahesabiwa tena. Mwaka wa kwanza alichora sura zilizofanana na viazi. Mwaka wa pili kalamu ikaanza kumsikia. Ukiikandamiza, rangi inakolea. Ukiinyanyua kidogo, inafifia kama brashi inayokauka. Bluu ukiiburuta juu ya kahawia zinachanganyikana, nawe usipojua kuchanganya unapata matope, kama kwenye kopo. Yote aliyofundishwa kwenye ngazi za Mzee Athanasi yalikuwa na kazi humo ndani. Tofauti ni kwamba hapakuwa na harufu. Siku alipomaliza uso wa kwanza wa binadamu bila kukohoa hata mara moja, alilia.

Halafu atokee mtu amwambie abonyeze.

Krismasi iliyopita alikwenda Nkoma. Mama yake alikuwa amekwisha kufariki, mwaka wa tisa huo, na hakuacha picha. Iliyokuwepo ni ile ndogo ya kitambulisho cha mpiga kura, na unyevu ulikuwa umeila, umebakiza jicho moja na pindo la kilemba. Wakiwa wanakula, baba yake, Mzee Mabula, alisema bila kuinua macho kutoka kwenye bakuli la mboga: "Ng'wanone, mwanangu, sura ya mama yako inanitoka. Sauti ninayo. Sura inanitoka."

Akamega tonge lingine, akaendelea kula. Felisita ndiye aliyeshindwa.

Januari akaanza kumchora mama yake. Alichora asubuhi kabla ya kufungua duka, na Jumapili baada ya Misa, mpaka Mei. Alimchora akiwa shambani, mkono wa kulia unavuta pamba kutoka kwenye kitumba kikavu, wa kushoto umeshika pindo la kitenge alichokifunga kiunoni cha kukusanyia. Macho yametazama chini, kwa sababu Monika akiwa kazini hakumtazama mtu. Kwenye kifundo cha mkono wa kulia Felisita aliweka kovu. Lilikuwa kovu la mnyororo wa plau, mwaka ule maksai alipokurupuka na kumburuta Monika mtaro mzima. Felisita alikuwa darasa la tatu, aliona damu ikidondokea udongo mweusi. Kifundo kile kilimchukua wiki tatu. Alikifuta, akakirudia, akakifuta tena, kwa kuwa kovu la zamani lina mng'ao wake, halifanani na ngozi wala halifanani na jeraha, na alikataa kulikosea.

Hakumwonyesha baba yake. Mzee Mabula alikuwa na jina moja kwa kazi yote ya binti yake: mambo ya simu. Felisita hakutaka Monika naye awe mambo ya simu. Alitaka baba amkute ukutani, ndani ya fremu, katikati ya picha za watu anaowaheshimu, na chini yake pameandikwa jina la aliyemchora. Kwa hiyo aliposikia kwamba Umoja wa Wachoraji Ntuzu wanaandaa maonyesho yao ya kila mwaka, mwenyekiti akiwa yuleyule Mzee Athanasi aliyeandika ghala la Nkoma, alimpigia baba yake simu kabla hata hajajaza fomu. Alimwambia aje Jumamosi ya mwisho wa Juni, kuna kitu cha mama cha kutazama. Haraka haraka haina baraka, lakini nani huikumbuka methali wakati ana furaha?

Kazi zilipokewa Jumatano, katika ukumbi wa kukodi. Felisita alikuwa ameitoa picha kwa printa ya wino pale steshenari, kwenye karatasi nene, ukubwa wa sinia la chai. Printa ya mabango ina wino mgumu unaovumilia mvua na jua, lakini aliikwepa, kwa sababu inaziua rangi za kati na kumfanya kila mtu aonekane amepakwa masizi. Fremu haikuwa na kioo. Kanuni ya Umoja ilikataza kioo siku ya kupokea, na kila mwanachama alijua sababu.

Felisita naye alijua. Hilo ndilo lililokuja kumuuma kuliko yote. Miaka minane aliliona dole lile likilambwa, na asubuhi ile aliibeba picha ya mama yake juu ya bodaboda bila kulifikiria hata kidogo. Kwake picha ilikuwa ndani ya kishikwambi, imetulia. Karatasi ilikuwa nguo tu ya kutokea.

Mezani walikaa wawili, Mzee Athanasi na katibu wake Fredrick, ambaye amechora simba na twiga wengi kuliko waliopo mbugani. Mzee aliivuta picha, akavaa miwani, akaitazama muda mrefu. Kisha akaonyesha kwa kucha chini ya shavu la Monika, pale palipokuwa na bluu.

"Kivuli hiki umekikumbuka," alisema.

Kwa mzee yule, maneno matatu ya namna hiyo ni hotuba. Felisita akiwa bado anayafurahia, mzee alilamba dole gumba, akatafuta pembe ya picha, akaikuta imefunikwa na fremu, akatafuta mahali pengine pa karibu. Akasugua kwenye kifundo cha mkono.

Wino wa printa hauna ubishi na mate. Kovu liliyeyuka, ngozi ikaburutwa mpaka kwenye pamba, pamba ikageuka rangi ya maji ya kuoshea masufuria. Mzee aliligeuza dole lake juu. Lilikuwa la kahawia kabisa.

"Inatoka," akasema.

Felisita aliivuta fremu upande wake. Angenyamaza hapo pengine mambo yangekwenda vingine. Lakini alikuwa mtu wa steshenari, mteja akiharibu karatasi mdomo hujibu wenyewe, na mdomo ukajibu.

"Hiyo ni karatasi tu, mzee. Nipeni dakika kumi niwaletee nyingine."

Fredrick aliinua kalamu kutoka kwenye daftari. "Nyingine? Kwani ziko ngapi?"

Kuanzia hapo Felisita aliteremka mlima bila breki. Alieleza kwamba picha ni moja, karatasi ndizo zinaweza kuwa nyingi. Fredrick akauliza hiyo moja iko wapi. Akakionyesha kishikwambi. Fredrick akasema hicho ni kishikwambi, haoni picha iliyotundikika. Felisita akatoa mfano wa nyimbo: manju akitunga wimbo, ukaimbwa Nkoma leo na kesho ukaimbwa Lingeka, nani aliwahi kuuliza upi ndio wenyewe? Fredrick akajibu kwamba wimbo ni wimbo na picha ni picha, na akaonekana kuridhika sana na jibu lake. Wanachama waliokuwa wakisubiri zamu walianza kusogea. Mmoja alisema kwa upole, kama mtu anayetoa pole, kwamba siku hizi kompyuta inafanya kila kitu, binadamu kazi yake ni kubonyeza.

Hakukuwa na karatasi za kupanga. Felisita alipanga vidole vyake.

Kisha akakumbuka silaha yake ya mwisho. Programu anayochorea huhifadhi kila mpigo wa kalamu, tangu wa kwanza, na ukitaka inakuonyesha yote upya kwa kasi. Miezi mitano ndani ya dakika tatu. Akakisimamisha kishikwambi mezani, wote wakainama kutazama. Kioo kilikuwa cheupe. Pakatokea doa la kahawia, likawa paji la uso, likawa pua. Pua ikafutika, ikarudi imenyooka zaidi. Kilemba kikaja, kikabadilishwa rangi mara nne. Mkono ukatokea, ukafutika, ukatokea, ukafutika, wiki tatu zile zote za kifundo zikipita kama mtu anayepepesa macho. Felisita hakutazama picha, alizitazama nyuso zao. Aliwaona wameduwaa, akajua amewashinda.

"Si mnaona wenyewe?" Fredrick alipiga makofi. "Hakuna hata mkono wa mtu. Inajichora yenyewe!"

Ukumbi mzima ukacheka. Mzee Athanasi hakucheka, lakini pia hakusema neno, na kwa Felisita kimya kile kilikuwa kibaya kuliko kicheko. Watu wale wengine wangeweza kudanganyika. Huyu aliwahi kuushika mkono wake na kuuongoza kwenye ukuta wa shule. Aliijua ile pua iliyofutwa ikarudiwa. Alijua mashine haina sababu ya kukosea pua.

Uamuzi ulitolewa kwa heshima, nao ukawa mchungu kwa heshima yake yote. Picha itapokelewa kwa kuwa Felisita ni mtoto wa nyumbani. Haitawekwa kwenye kuta za uchoraji. Itatundikwa mlangoni, juu ya meza ya daftari la wageni, chini ya kikaratasi kitakachosema PICHA YA KOMPYUTA. Na itatundikwa hiyohiyo, ikiwa na doa lake, kwa maana kanuni ilikuwa wazi: kilichopokelewa mezani ndicho kitakachotundikwa. Mzee Athanasi aliitunga mwenyewe zamani, baada ya wajanja fulani kuleta kazi nzuri siku ya kupokea na kutundika nyingine siku ya maonyesho.

Felisita aliishika fremu kwa mikono miwili aondoke nayo. Akakumbuka kwamba baba yake alikwisha kuazima koti la kuja nalo. Akaiacha.

Mcheza kwao hutunzwa, ndivyo wasemavyo. Felisita alicheza kwao, akawekwa mlangoni.

Jumamosi alifika mapema, akasimama karibu na picha yake kama mlinzi. Ndani, kuta zilijaa simba, twiga, machweo, na akina mama wenye mitungi kichwani ambao mtu yeyote anayekunywa maji ya bomba Bariadi hajawaona siku nyingi. Kila simba alibatizwa. Wageni walipita mlangoni, wakaandika majina, wakamtazama Monika kidogo, wakaendelea. Mmoja tu alisimama, Mwalimu Joakim wa sekondari, mtu mwenye ndevu za kufikiri. Alimwita mkewe na kumwonyesha doa pale kwenye kifundo.

"Uso huu umetolewa na kompyuta, unaona ulivyo laini," alimweleza. "Lakini hapa msanii ameingiza mkono wake mwenyewe. Hapa ndipo penye sanaa."

Felisita alitoka nje. Alisimama kwenye jua, akavuta pumzi kama alivyofundishwa na daktari, akahesabu bodaboda zilizopita mpaka zikafika ishirini na moja. Miezi mitano ya mkono wake ilionekana ya mashine, na mate ya mzee yakaonekana ndiyo mkono wake. Angependa kumpiga mtu, ila hakujua aanze na nani.

Baba yake alishukia hapo hapo, kwenye bodaboda ya ishirini na mbili, koti la kuazima limemzidi mikono. Felisita alipiga goti kidogo, wakasalimiana mwangaluka, mhola, akamuuliza habari za Nkoma na za ng'ombe, na Mzee Mabula akazijibu zote moja moja, kwa kuwa kukatisha salamu si tabia ya watu. Kisha akauliza hicho kitu cha mama kiko wapi.

Alikuwa amepanga kumshika mkono na kumpeleka katikati ya ukumbi. Sasa alimwonyesha mlangoni tu.

Mzee Mabula alivua kofia. Alisimama mbele ya fremu ile hata watu wakaanza kumpita pembeni ili waandike majina. Alitazama kilemba, akatazama macho yaliyoinama. Halafu macho yake yakateremka kwenye mkono, yakabaki hapo, na uso wake ukafunga.

"Mkono huu umekuwaje?"

"Umefutika, baba. Palilowa."

"Basi si yeye," alisema, kwa sauti ya mtu aliyesafiri bure. "Wamemwiga. Mkono wa mama yako siwezi kuupoteza mimi."

Hapo kiburi chote kilimwisha Felisita. Fremu, ukuta, jina chini ya picha, vyote aliona havina maana. Baba yake alikuwa anarudi Nkoma bila sura. Akakitoa kishikwambi mkobani, akakifungua, akampa. Mambo ya simu, na yawe mambo ya simu.

Mzee Mabula alikipokea kwa mikono miwili kama sahani ya moto. Monika alikuwamo, mzima, pamba mkononi. Mzee alisogeza kidole kugusa pale palipokuwa na doa ukutani, akaweka na cha pili, na picha ikakua chini ya vidole vyake, ikakua tena, mpaka kioo kizima kikawa kifundo cha mkono na kovu lake lililong'aa.

"Mnyororo wa plau," alisema polepole.

Akamgeukia binti yake. "Hii picha nani alikupa? Mama yako hakupigwa picha ya mkono."

"Hakuna aliyenipa, baba. Haikuwepo."

Mzee Mabula aliwaza jambo hilo jinsi anavyowaza mambo yote, bila haraka, kuanzia chini. Hakukuwa na picha. Kovu lipo. Waliokuwepo shambani siku ile walikuwa watatu, mmoja ni yeye, mmoja amezikwa.

"Basi umemchora," alisema.

Miaka sita Felisita alikuwa ametengeneza, ametoa, amesafisha, ameweka, amebonyeza. Hakuna mtu Bariadi aliyewahi kumwambia kwamba amechora. Machozi yakamtoka mbele ya daftari la wageni na mbele ya Fredrick, ambaye alijifanya kutafuta kalamu.

Mzee Athanasi alikuwa amesogea. Alikuja kumwamkia mzee mwenzake, kama inavyopasa, akiwa amenyoosha mkono, lakini Mzee Mabula hakuwa na mkono mtupu wa kumpa.

"Ndiwe uliyeandika ghala letu Nkoma," alimwambia. "Wabeja sana, tunashukuru, rangi ipo mpaka leo. Sasa niambie, mke wangu nani amemfuta mkono?"

Hakusema kwa ukali. Aliuliza kama mtu anavyouliza nani ameacha zizi wazi. Mzee Athanasi alitazama ukutani, akatazama dole gumba lake, kisha akakitazama kile kilichokuwa mikononi mwa Mabula. Akavaa miwani. Akainama, na safari hii hakuna aliyemwonyesha mipigo ikipita mbio; alikuwa peke yake na kifundo cha mkono kilichokuzwa, bluu ikipita chini ya kahawia, wekundu wa zambarau kwenye ukingo wa kovu, kila mvuto wa brashi umevutwa, hakuna uliosukumwa. Alitazama mpaka Felisita akasikia anavyohema.

Halafu, kwa mazoea ya miaka hamsini, akalamba dole gumba na kulisugua kwenye kioo.

Akaligeuza juu, akalipeleka mlangoni kwenye mwanga. Lilikuwa safi. Akarudi, akalamba tena, akasugua kwa nguvu zaidi, akaligeuza tena.

"Haitoki," alisema, bila kumwelekea mtu yeyote.

Felisita alisubiri. Alisubiri kwa moyo wote, neno moja lingetosha, hata nusu yake. Mzee Athanasi alifungua mdomo, akaangalia simba wake na wanachama wake waliokuwa wakimtazama, akaufunga. Aliivua miwani, akaiweka mfukoni, akarudi taratibu kwenye kiti cha mwenyekiti na kukaa. Kile kikaratasi cha PICHA YA KOMPYUTA kilibaki pale pale kilipobandikwa, na jioni Fredrick aliandika kwenye ripoti yake kwamba maonyesho yalikuwa na kazi za uchoraji thelathini na moja, na nyinginezo moja.

Mate yalikuwa yakiteleza juu ya mkono wa Monika. Felisita aliyafuta kwa ncha ya kitenge chake. Akamwahidi baba kwamba atamtolea nakala nzuri, ya wino mgumu, aiweke ndani ya kioo. Mzee Mabula alisema sawa, ila kwa sasa amwachie hicho hicho. Alikwenda nacho kwenye benchi la nje, akakaa huku koti likimfunika viganja, akaanza kumweleza mkewe jambo kwa Kisukuma, la ng'ombe gani amezaa na pamba ya mwaka huu ilivyo.

Kila baada ya dakika chache kioo kilizimika ili kulinda chaji, naye aliinua kichwa na kumwita binti yake mlangoni, "Mayu, amezima." Felisita alitoka kila mara, akaweka kidole chake pale pembeni, akabonyeza, mama yake akarudi.